Kikohozi Katika Kinasa Sauti

Mara ya kwanza alidhani ni kasoro ya chombo. Mwandishi alikuwa ameketi katika chumba cha habari, akiyasikiliza upya mahojiano yake na mchongaji, na baina ya sauti yake na ya yule bwana kulikuwa na pumzi ya tatu, nyembamba, ikipanda kwa taabu. Kisha kikohozi. Alikizima kinasa sauti kwa pupa, maana mama hawezi kukosea kikohozi cha mwanawe, hata kama mwana mwenyewe pumu imekwisha kumlaza kaburini.

"Vipi, umeona shetani?" mhariri alimtania kutoka meza ya pili.

"Kiyoyozi tu, bosi. Kinanguruma."

"Basi nguruma na wewe, ukurasa unakungoja. Mji mzima unataka kujua yule mtu ni msanii au mchawi."

Mchongaji huyo walimpa lakabu ya Fundi Sura. Alifinyanga nyuso za marehemu kwa udongo mbichi, asiuchome kamwe. Wako waliomwita bingwa, na wako waliotaka karakana yake ifungwe, kwa kuwa wafiwa waliingia mle wakilia na kutoka hawana chozi, wala hawana la kusema juu ya maiti wao. Habari hiyo ndiyo aliyoiendea mwandishi, na alikwenda na mbinu iliyompa sifa kazini: kuuliza swali, kisha kunyamaza, mpaka ukimya umwelemee mwenziwe na kumfungua kinywa. Kumbe Fundi Sura naye aliijua. Alinyamaza, vidole vikiwa ndani ya udongo, na ukimya ukakaa baina yao kama mgeni, hata mwandishi akajikuta yeye ndiye anayesema.

Alisimulia jinsi mwanawe alivyovaa viatu vya mamake na kusoma taarifa ya habari, mwiko mkononi badala ya kipaza sauti. Alisimulia kicheko chake. Akarudi tena, na tena. Kila alipotoka kifua kilikuwa chepesi, na kila aliporudi uso wa mwanawe uliofinyangwa mezani ulikuwa umesogea karibu na uhai: paji, kope, kishimo cha shavuni.

Nyumbani, harufu ya udongo uliolowa ikaanza kumtangulia mlangoni. Mchana mmoja mjomba wake, mzee wa kisomo aliyemlea tangu utotoni, alimkuta amesimama mbele ya picha ukutani.

"Mjomba, hapa mtoto alikuwa anachekea nini?"

Mzee aliweka tasbihi chini. "Mbona ni wewe uliyenihadithia? Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni."

"Sikumbuki."

"Umemsimulia nani habari zake?"

Alimweleza yote. Mzee alisoma dua kimyakimya, kisha akashusha pumzi. "Huyo fundi ni mlango tu, mwanangu. Aliyemo udongoni ni jini asiye na sura wala kumbukumbu, anakula za watu. Umebakisha nini?"

"Siku aliyokufa. Hiyo sijamwambia mtu."

"Usiitamke. Akiipata atakamilika, na atainuka na sura ya mtoto wetu."

"Na nikimvunja, nilivyompa vitarudi?"

Mjomba alimtazama kwa huruma. "Kilicholiwa kimeliwa, mama."

Walifika karakanani alasiri. Fundi Sura alikuwa amejikunyata pembeni, mikono imekaukiwa na udongo. "Mvunjeni nyinyi," alinong'ona. "Mimi siwezi. Hata mama yangu simkumbuki."

Mzee akaanza kuzisoma aya za kinga, na kadiri sauti yake ilivyopanda ndivyo udongo ulivyolowa na kutoa jasho, pua zikapanuka, kifua kisichokuwapo kikasikika kikivuta pumzi kwa taabu ile ile, kope zikafunguka pole pole kama za mtoto aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi, na midomo ambayo mwandishi mwenyewe aliielekeza, neno kwa neno, ikasema, "Mama, na siku ile? Niambie siku ile", naye akaushika uso ule kwa viganja viwili, ukawa na joto, ukamwegemea, na huku analia akafinya, akafinya, mpaka kikohozi kikakatika na mikononi mwake kukabaki tope.

Jini akatoka. Habari haikuandikwa.

Kilichomsalia mwandishi ni siku moja tu: yuko kwenye mahojiano, amenyamaza akimngoja mkubwa fulani aseme, simu inatetemeka mkobani, yeye haipokei kwa kuuhifadhi ukimya wake. Aliyekuwa akipiga ni mtoto. Mengine yote yamo katika kinasa sauti, kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mwanamke anayemsikiliza kama jirani asiyemjua, akisimulia habari za mvulana, viatu na mwiko.

"Kifute," mjomba humsihi. "Simwamini aliyemo humo."

"Nikikifuta, mjomba, nitakuwa nimezaa msiba mtupu."

Kwa hiyo husikiliza. Na sauti ya yule mwanamke inapokoma, hakifuatii kikohozi tena, wala pumzi. Hufuata ukimya tu, mrefu, mvumilivu, wenye adabu. Mwandishi anaujua ukimya huo, ni wa kazi yake mwenyewe. Unangoja. Naye huketi mbele yake, kiganja kimeziba kinywa, akiisikia siku ile ikimpanda kooni.