Yunisi Kafa Mara Tisa Leo

"Babu, Osea anataka kuniua!"

Mjukuu wangu Yunisi kaingia mbio, simu mkononi, jasho linamtoka. Mimi nachambua maharage. Kwa utani huwa namwita mke wangu, ila siku hiyo utani ulinikauka.

"Osea huyu huyu wa kuleta mahari Jumamosi?"

"Kakosea namba, kanitumia meseji ya rafiki yake. Sikiliza: 'Watson, Yunisi kafa mara tisa leo pale mpakani. Akishuka tu kwenye lori anakufa. Lazima nimmalize, wazungu wanamtaka Ijumaa.'"

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tatu, lakini huku Mbozi tulishapitia miaka ya watu kuchunwa ngozi ikauzwa. Miaka ile hata dukani nilikuwa siendi peke yangu, na marehemu bibi yenu naye... aa, tuendelee. Nikabeba panga.

Yunisi akapiga simu, kaweka spika.

"Uko wapi?"

"Geto kwangu, mtaa wa Sogea. Mpenzi, hiyo meseji..."

"Usitoke!"

Tukamkuta mbele ya kompyuta, mapazia kayafunga.

"Shikamoo, babu."

"Shikamoo yako iweke. Mke wangu unamuuza kwa nani?"

"Simuuzi! Ni gemu, babu! Tazama."

Kwenye kioo kuna kasichana ka vidoti vidoti, kitenge cha njano, ndoo ya nyanya kichwani. Kakashuka kwenye lori. Lori lingine, puu! Kakafa.

"Juu wameandika jina langu," Yunisi akaninong'oneza.

Osea akaeleza. Tangu mdogo alikuwa anapenda gemu za kaseti, zile za zamani. Akawa anazichokonoa, anazibadilisha, mpaka akajua kutunga zake. Sasa kampuni ya wazungu imemwajiri atunge za namna ile ile.

"Nilikuweka kwa mapenzi, Yunisi."

"Mapenzi ya kunikanyagisha lori mara tisa?"

"Nimeitunga ngumu, mwenyewe nashindwa kukuvusha. Wakiikuta hivi Ijumaa, kazi sina."

"Hebu pisha."

Akakaa yeye. Mimi panga bado nimelikamata, naomba Mungu asife tena mbele yangu, hata humo kwenye kioo. Lori likaja. Yunisi hakukatiza. Akasimama, likapita, akazunguka nyuma yake, huyoo, ng'ambo ya mpaka, Nakonde!

Osea mdomo wazi. "Umejuaje?"

"Miaka sita navusha nyanya. Nani anakatiza mbele ya lori? Umeniweka kwenye gemu, lakini kuja kuniona navyovuka hujaja hata siku moja."

Maneno hayo yalimchoma kuliko panga langu.

"Kesho asubuhi nakuja," akasema taratibu.

"Njoo na ndoo yako."

Jumamosi kaleta mahari shingo imekakamaa, kugeuka hawezi. Wazee wakamuuliza binti kama anamtaka.

Yunisi akajibu: "Jana kavusha ndoo mbili, hajadondosha hata nyanya moja. Namtaka."