Shamari ya Mama Lukresia

Antonia wa Kansay aliamka, akawasha moto, akaenda kumtazama mama mkwe wake, Lukresia. Ulikuwa mwaka 1984, mwaka wa ukame. Lukresia alikuwa ameshapelekwa zahanati mara moja, lakini alibaki ngozi na mifupa. Ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ulimshinda. Alichokubali ni chai ya mbegu za shamari tu, nazo zilikuwa zimekwisha koponi.

Nyuma ya nyumba shamari ilikuwa imekauka kabisa. Antonia akaivuna kama walivyovuna maharage miaka yote. Jua likiwa kali, aling'oa mashina na mizizi yake, akayatandaza uani, akayapiga kwa fimbo. Mbegu nyingi zilipukutika njiani, nyingine zikachukuliwa na upepo. Zilizobaki alizifunga kwenye kitambaa, akazitundika darini juu ya moto, panapokaa mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu.

Baadaye akachemsha chai. Lukresia akaonja, akageukia ukuta.

"Mwanangu, umeninywesha moshi."

Maneno hayo yalimchoma Antonia. Akamwita jirani yake Hyasinta, aliyewahi kulima bustani ya misheni. Hyasinta hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema kwanza kwamba chai si dawa, mgonjwa arudishwe zahanati. Kisha akazunguka bustani, akakuta shina moja limesalia karibu na bafu.

"Mama Piusi, shamari si maharage," alimwambia Antonia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ukiing'oa, umeiua. Kata vichwa vikianza kuacha ukijani, asubuhi umande ukiwepo, mbegu zisipukutike. Shina liache lichipue. Vichwa vianike kivulini, mbali na moshi. Mbegu zikikauka, weka kwenye kopo lenye kifuniko."

Antonia akauliza litazaa lini. Hyasinta akautazama mlango wa Lukresia.

Lukresia alirudishwa zahanati, akapewa dawa, lakini mwili ulishachoka. Antonia alilimwagilia lile shina maji ya kuoshea mboga. Lukresia akazikwa kabla halijatoa ua.

Msimu uliofuata Antonia alivuna alivyofundishwa. Chai ilinukia nyumba nzima. Kwa mazoea alibeba kikombe mpaka kitandani kwa mama mkwe wake, akakumbuka, akakaa chini akalia.

Siku hizi wenye wagonjwa wasiotaka kunywa kitu huja kwake. Antonia huwauliza kama wameshafika zahanati. Huwapa kiganja kimoja cha mbegu za kupika na kingine cha kupanda. Kisha husimama mlangoni, akawauliza watavunaje. Asiyejua haruhusiwi kuondoka mpaka ajue.