Chupa ya Kabati la Kumi na Nne

Saa 12:20 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana ya mafriji kilinuka kutu na mafuta. Wanaume watatu walikaa juu ya mafriji mabovu yaliyolazwa chali. Dili lilikuwa la watu wanne. Wa nne alikuwa mwanamke, naye hakujua kwamba yumo.

Mwalimu alishika chaki. Hakuwahi kufundisha darasa lolote duniani. Jina alilipata kwa sababu hakuiba kitu kabla hajakichora. Akachora kwenye mlango wa friji: jiko, ukumbi, ngazi, chumba cha juu.

"Baa hii kila baada ya wiki sita inavuliwa nguo na kuvishwa nyingine, mapambo yote mapya," akasema. "Mpaka jana ilikuwa stesheni ya treni. Kuanzia kesho ni duka la dawa. Leo ndiyo siku ya kuvua. Mafundi wanaingia, mbao zinatoka. Mtu aliyebeba ubao haulizwi anakwenda wapi."

"Na mzigo?" akauliza Breki. Huyu alikuwa dereva, na aliitwa Breki kwa kejeli, maana hakupenda kuzikanyaga.

"Juu. Makabati ya wateja wakubwa, kila mtu na chupa yake. Kabati la kumi na nne. Chupa nyeusi, shingo fupi. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa vito. Anakuja kila wiki, anaitazama, anaondoka. Mtu anayenunua pombe asiinywe, hajanunua pombe."

Wa tatu alikuwa akiutazama mchoro wa ngazi. Waliomjua walimwita Funguo, kwa kuwa hakuna kitasa kilichowahi kumshinda isipokuwa kile cha gereza. Miaka sita alikaa ndani kwa wizi alioufanya na Mwalimu, na kwa miaka yote sita hakumtaja Mwalimu hata usingizini. Habari ya chupa aliileta yeye. Dada yake alikuwa mpishi mkuu wa baa ile. Alimsimulia kisa cha mteja na chupa yake huku akicheka, kama ndugu wanavyosimuliana vituko vya kazini. Funguo alicheka naye. Kisha akaenda kwa Mwalimu.

"Saa sita na nusu mafundi wa umeme wanazima upande wa juu," Mwalimu akaendelea. "Dakika ishirini, kamera hazioni. Funguo anapanda na ufunguo wake. Anashuka na chupa, anaitia ndani ya benchi la stesheni, Breki anakuja kulibeba benchi. Funguo, ufunguo mpe Breki. Usitoke nao mfukoni."

"Dada yangu haguswi," Funguo akasema.

Mwalimu akamtazama kama aliyetukanwa. "Dada yako ni dada yangu."

Saa 3:05 asubuhi.

Baa ilikuwa nusu treni, nusu famasia. Upande mmoja dirisha la tiketi lilikuwa bado limesimama. Upande wa pili rafu nyeupe zilikuwa zinapanda, zenye chupa za kahawia, mizani midogo na vibandiko vilivyoandikwa kwa mkono: *Dawa ya Moyo Uliochelewa. Kutwa mara tatu, baada ya kuachwa.* Mchanganya vinywaji alikuwa nyuma ya kaunta akidondosha tangawizi na limau kwa kidondoshi cha dawa ya macho, anaonja, anatema, anaanza upya.

Funguo alikuwa akipiga randa. Kazi hiyo aliipata Jumamosi, kwa mdomo wa dada yake. Alimshika mkono, akampeleka mbele ya Madam mwenye baa. "Huyu ni kaka yangu. Alikosea, akalipa. Amenilea tangu mama alipofariki. Akivunja hata glasi, nidai mimi."

Madam alimpima kwa macho Funguo, akamrudia mpishi. "Kwa dhamana yako, sawa."

Siku hiyohiyo ya Jumamosi, dada yake akiwa amempa mgongo anamkaangia mayai, Funguo alinyoosha mkono kwenye ubao wa funguo za akiba uliokuwa jikoni, akachukua wa kumi na nne, akaubonyeza kwenye kipande cha sabuni, akaurudisha. Mayai alikula yote. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililomkera.

Saa 5:40.

"Kaka! Njoo uonje."

Jiko lilikuwa jembamba, safi kama chumba cha upasuaji. Dada yake alisimama katikati, aproni nyeupe, jasho kwenye paji la uso. Mezani palikuwa na visanduku vya vidonge. Ndani yake, badala ya vidonge, vijibonge vya jibini vilivyoviringishwa kwenye ufuta. Pembeni, supu nzito ya malenge ndani ya chupa za dawa ya kikohozi. Na sufuria ya nyama iliyokaa motoni tangu alfajiri, laini kiasi kwamba uma uliigusa ikaachia.

"Watu wanakuja kwa vituko," akasema, "wanarudi kwa chakula. Madam amesema mwenyewe. Ameniambia famasia ikienda vizuri, mada ijayo nachagua mimi."

"Utachagua nini?"

Akaona aibu kidogo. "Jikoni kwa mama. Masufuria yaliyobonyea, redio mbovu, kila kitu. Wewe utanitengenezea ile meza yenye mguu mfupi." Akamtilia kijiko cha nyama mdomoni kama mtoto. "Vipi?"

Funguo akameza. "Chumvi imekaa."

"Chumvi imekaa! Mwanamume huna maneno wewe." Akacheka, akamfukuza kwa taulo.

Saa 6:31.

Taa za juu zikazimika. Fundi wa umeme akapiga mluzi. Funguo akabeba ubao begani, akapanda ngazi. Hakuna aliyemuuliza.

Ufunguo wa kuchonga mwenyewe ukaingia, ukagoma, ukakubali. Chupa ilikuwa nzito. Akaitikisa karibu na sikio. Ndani ya kioevu kitu kiligongana, taratibu, kama kokoto kwenye mkondo.

Dakika nne. Akashuka. Benchi la stesheni lilikuwa na uwazi chini ya kiti. Chupa ikaingia, ubao ukarudi. Breki alikuwa keshafika, amevaa ovaroli. Funguo akampa ufunguo, mkono kwa mkono. Breki akapita jikoni. Akakaa sekunde chache zaidi ya zilizohitajika, akatokea akiwa anafuta mdomo.

"Dada yako fundi," akasema. "Kanipa nyama."

Saa 6:52.

Kigari cha mizigo kiliingia barabarani. Mwalimu alikuwa nyuma pamoja na Funguo, wamekaa kwenye benchi lenyewe kama abiria wanaosubiri treni. Mwalimu akauvunja ubao wa kiti, akaitoa chupa, akaibusu. Kisha akatoa simu ndogo, akabonyeza namba. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mzee mwenye mafua.

"Madam? Mimi ni msamaria tu. Tazama kabati la kumi na nne. Halafu tazama mfuko wa visu wa mpishi wako." Akakata. Akatoa laini, akaitupa dirishani.

Funguo akamgeukia.

"Umefanya nini?"

"Nimekuokoa. Wangemtafuta nani kwanza? Wewe, mfungwa. Na wewe ungewaleta kwangu. Sasa wana mtu wao, ana ufunguo wa bandia kwenye mfuko wake. Mbwa akipata mfupa hafuatilii nyama."

"Ulisema haguswi."

"Nani kamgusa? Breki kaacha kitu tu."

"Nimekaa ndani miaka sita kwa ajili yako."

"Na nilijua utakaa." Mwalimu hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayesifia kifaa kizuri. "Ndiyo maana nakupenda, Funguo. Wewe ni mtu wa kukaa."

Funguo alimpiga kwa kichwa, puani. Mwalimu akachomoa bastola, ndogo, nyeusi. Mlio ukajaa gari lote. Kitu cha moto kikapita chini ya mbavu za Funguo. Hakukiacha kiganja kilichoshika bastola. Akakigonga kwenye benchi mara mbili, tatu, hadi vidole vikafunguka. Huko mbele, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Breki akakanyaga breki.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Funguo akainyakua chupa, akaanguka lamini nayo kifuani.

Saa 7:08.

Walimwacha. Njia panda ilijaa watu, na trafiki alikuwa hatua hamsini tu. Kigari kikaondoka kikilia.

Akajibanza nyuma ya maduka ya matairi, akalikandamiza shati kwenye jeraha. Mbele yake kulikuwa na kituo cha mabasi ya mbali. Makondakta walikuwa wakiita majina ya miji. Mkononi alikuwa na chupa ambayo ingemtosha hadi kufa. Mwalimu hana, Breki hana, polisi hawajui. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye. Basi moja lilijaa likaondoka. La pili likaanza kujaa.

Ndipo akasimama, akalipa basi mgongo.

Saa 7:45.

Aliusikia ugomvi kabla hajafika mlangoni mwa baa. Aliisikia sauti ya dada yake, kali, bila woga.

"Ufunguo huo siujui! Na kaka yangu msimtaje. Nimemtuma misumari mimi mwenyewe. Atarudi sasa hivi, mtamuona."

Hakuwa amemtuma popote. Alikuwa anamdanganyia, papo hapo, mbele ya askari wawili, na pingu keshavishwa.

"Mpishi," Madam akasema, "kaka yako katoweka."

"Hajatoweka! Ninyi watu hamna dogo. Mtu akikosea mara moja basi ni mwizi mpaka kaburini?"

Funguo akaingia. Damu ilimtangulia kwenye sakafu nyeupe. Mafundi wakajitenga. Akaiweka chupa juu ya kaunta, kati ya chupa za dawa.

"Ni mimi," akasema. "Yeye hajui lolote. Ufunguo niliuchonga mimi. Nilibonyeza sabuni Jumamosi. Jikoni."

"Jumamosi," dada yake akarudia.

Akataja vyote: Mwalimu, Breki, karakana ya mafriji. Neno alilolibana miaka sita lilimtoka kwa dakika moja. Halikufaa kitu. Baadaye karakana ilikutwa tupu, na mlango wa friji umefutwa kwa kitambaa kibichi.

Askari wakamfungua mpishi pingu, wakamfunga Funguo. Madam aliishika chupa kwa mikono miwili. Hakuonekana mwenye furaha.

"Nakuamini," akamwambia mpishi. "Wallahi nakuamini. Lakini mwenye chupa yuko njiani, na wateja wa juu watauliza nani alimleta mwizi. Nitawajibu nini?"

 Mpishi alifungua kamba ya aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kaunta. Akaingia jikoni, akazima moto chini ya sufuria, akatoka na mfuko wake wa visu kwapani. Akasimama mbele ya kaka yake.

Funguo alikuwa amejiandaa kwa kofi. Alilitamani.

"Nimerudi," akasema. "Ningeweza kukimbia. Nimerudi kwa ajili yako."

"Heri ungekimbia," dada yake akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Ningefungwa, ndiyo. Lakini ningefungwa nikijua nina kaka."

Akapita kando yake, akaangalia asije akakanyaga damu, akatoka nje kwenye jua la mchana.