Askari Aliyeitwa Lenox

Jioni moja nilipitia kwa Kihara, Dagoretti, kuchukua DVD. Kihara hutafsiri filamu za kizungu kwa mizaha, anafunika sauti zao kwa yake, na waigizaji anawapa majina ya wateja wake. Watu wa mtaa wanapenda hayo mambo kufa.

"Mama Debra, hii ni ya polisi, moto kabisa! Mkubwa nimemwita Lenox, kama bwanako. Mwenzake ni Ngui."

"Wacha ujinga, wewe," nikamwambia, lakini nilicheka.

Lenox na Ngui wenyewe walikuwa kazini River Road usiku huo. Ngui ni jirani yetu hapa kwa nyumba za polisi, ukuta mmoja tu katikati. Nikabandika maji ya ugali, nikawasha filamu.

Kihara alipiga kelele zake kama kawaida. Halafu askari Lenox akafika kwenye ngazi nyembamba… na Kihara akanyamaza.

Nikasikia harufu ya baruti, ile ninayofua kwenye mashati ya bwanangu.

"Lenox anapanda," sauti ikanong'ona. "Huko juu anangojwa…"

Nikabonyeza rimoti. Wapi! Nikachomoa waya ukutani.

Picha ikaendelea.

Nikampigia Lenox. Na mle ndani ya filamu, mfukoni mwa yule askari, simu ikalia. Mlio wa simu ya bwanangu.

"Si yeye!" nikapiga kelele. "Mungu wangu, mwingine yeyote! Si Lenox!"

"Sawa, Mama Debra," ile sauti ikanong'ona.

Picha ikazima. Giza.

Lenox alirudi asubuhi na damu shatini. Haikuwa yake. Alisema alisimama ngazini atoe simu iliyokuwa inaita, Ngui akampita, akatangulia kupanda. Nilimkumbatia nikalia kwa furaha. Furaha, jamani!

Kihara ameapa kwa mamake kwamba hakunong'ona popote.

Leo, tumetoka tu kumzika Ngui, mjane wake Awiti akabisha kwangu. "Dada, nasikia Kihara alimtaja bwanangu kwa filamu. Nipe nisikie jina lake tu." Nikamwambia imepotea. Lakini ilikuwa pale pale juu ya TV, akaichukua mwenyewe.

Sasa inacheza upande wa pili wa ukuta. Mizaha ya Kihara. Awiti anacheka huku analia. Wamefika kwenye ngazi, najua, kwa sababu Kihara amenyamaza.

Simu inalia mle ndani ya filamu.

Halafu, humo humo kwenye filamu, nasikia sauti yangu mimi, wazi kabisa: "Mwingine yeyote!"

Awiti amezima TV. Mlango wake unafunguka.