Fungua Dirisha, Mama Mwanne

Ukutani mwa Chumba cha Ramani, mji mzima wa Tabora uliwaka kijani. Kila nuru ndogo pale ilikuwa nyumba ya mtu, na kila nyumba ilikuwa na kipimahewa chake, kisahani cheupe kisichozidi kiganja, kilichobandikwa sebuleni kikivuta hewa usiku na mchana. Kilinusa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, hewa ukaa inayotoka vifuani mwa wenye nyumba wenyewe, ukungu wa kuta zenye unyevu, mvuke wa rangi mpya. Watu wa mjini, ambao hawakosi jina la kukipa kitu, walikiita Pua. "Pua yangu leo imeamka na kisirani," ungemsikia mtu akisema sokoni, na wenzake wakaitikia kwa vichwa, maana kila mmoja alikuwa na ya kwake.

Mhandisi Mwanne Songoro alikuwa amesimama mbele ya ukuta huo, kikombe cha chai mkononi, nuru moja ilipogeuka nyekundu. Hakuhitaji kusoma namba ya nyumba. Ilikuwa upande wa Ng'ambo, ghorofa ya juu ya jengo linalotazama reli, alikokaa mama yake peke yake.

"Tena?" alisema Kasanda, mwenzake wa zamu. "Yaani mhandisi wa hewa, halafu kwenu ndiko jikoni kwa mji."

"Ameunguza vitunguu."

"Vitunguu?" Kasanda alisogea karibu na vipimo, na utani ukamtoka usoni. "Mwanne, njoo usome mwenyewe. Hii ni plastiki inaungua."

Mwanne aliweka kikombe chini. Mama yake, Bi Hidaya, alikuwa na pumu tangu ujana, na daktari alikwisha kumwambia waziwazi kwamba mapafu yake yamechoka, moshi mwingine mzito unaweza kuwa ndio wa mwisho. Kwa majuma kadhaa sasa nuru ile ilikuwa ikiwaka nyekundu. Kila alipopiga simu aliambiwa ni vitunguu, au ni maandazi, au ni kitambaa kimeangukia jikoni. Na kila mara sauti ya mama ilikuwa changamfu, jambo lililomtisha Mwanne kuliko kikohozi. Mjane aliyetoka eda juzi juzi anachangamkia nini?

Hapa inafaa kueleza kwamba sifa kubwa ya kipimahewa haikuwa pua yake bali mdomo wake. Hewa ya nje ilikwisha kupona. Misitu ya miombo ilikuwa imerudi hadi ukingoni mwa mji, na moshi wa magari ulikuwa habari ya kusimuliwa na wazee. Ubaya ulibaki ndani ya nyumba, kwa watu waliorithi mazoea ya kufunga madirisha kwa ajili ya vumbi, mbu na macho ya majirani. Vipimahewa vya mwanzo viliwaonya watu hao kwa sauti ya bibi mmoja mwenye lafudhi nzuri ya redioni, nao wakavifunika taulo. Nani anataka kuamrishwa na ukuta wake mwenyewe?

Mwanne ndiye aliyebuni sauti ya nyumbani. Mtu anaweza kubishana na mashine mpaka kesho, lakini akisikia sauti ya bibi yake au mumewe ikimwambia fungua dirisha, mkono unatangulia kabla ya akili. Kwa hiyo kila familia ilichagua mtu mmoja wa kuiwekea Pua maneno mawili. Neno la onyo lilisemwa hewa ilipoharibika. Neno la shukrani lilisemwa dirisha lilipofunguliwa baada ya onyo hilo. Mtu alirekodi akiwa peke yake, na hakuna mhandisi aliyeruhusiwa kusikiliza. Mwanne mwenyewe alilipigania sharti hilo, akisema ya nyumbani yabaki nyumbani.

Baba yake, Mzee Songoro, mtu wa reli maisha yake yote, alirekodi maneno yake akiwa kitandani hospitalini, moyo wake ukiwa umeanza kushindwa. "Toka nje, mwanangu," alimwambia. "Haya ni yangu na mama yako." Mwanne alisimama ukumbini akitabasamu kwa uchungu, akishangaa mzee aliyezoea kupiga kelele kushinda injini anaona haya mbele ya kisahani. Baada ya siku chache walimzika.

Kisha ikaja eda. Bi Hidaya alikaa ndani bila manukato, bila udi, akipikiwa na majirani, na hewa ya nyumba ile ikawa safi kuliko zote mtaani. Pua haikuwa na la kusema. Mwanne alishukuru kimoyomoyo, kwa sababu hakuwa tayari kuisikia sauti ile. Hakuwaza kwamba mama yake huenda anaingojea.

Alipanda behewa la angani liendalo kwa waya mpaka Ng'ambo bila kuaga kazini. Mlango uliutambua mkono wake, ukafunguka, na moshi mweusi ukamkaba koo. Mara moja aliona kilichoharibika. Matundu ya mapafu ya ukutani, feni ambazo Pua huziwasha yenyewe onyo likipuuzwa, yalikuwa yamezibwa kwa khanga. Zilikuwa zimekunjwa vizuri na kusokomezwa kwa utulivu. Aliyefanya kazi ile hakuwa na haraka.

Ndipo ukuta uliposema.

"Mama Mwanne, fungua dirisha. Unaumia, na husikii."

Ilikuwa sauti ya baba, pamoja na ule mkohozo mdogo katikati, alivyokuwa akisafisha koo kila alipotaka kuonekana mkali. Na ni aibu kulisema, lakini kwa kitambo kidogo Mwanne naye hakutaka mtu yeyote aliguse dirisha lile.

Katikati ya sebule mama yake alikuwa ameketi mkekani mbele ya chetezo, uso ameuelekeza ukutani.

"Nasikia, baba Mwanne," alisema kwa upole. "Nasikia. Sema tena."

"Mama!"

Bi Hidaya aligeuka, kikohozi kikamkamata, kikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa magoti. Mwanne alikimbilia dirishani. Lakini mama, sijui alizitoa wapi nguvu, aliwahi kusimama mbele yake amenyoosha mikono pande zote mbili.

"Usimnyamazishe baba yako!"

"Utakufa, mama!"

"Nikilifungua, atanyamaza." Alikuwa akivuta pumzi kwa shida, kila neno likija na filimbi kifuani. "Siku ile nimetoka eda, wageni wameondoka, nikafunga dirisha nikachoma udi. Akasema! Nilidhani nimepagawa. Kesho yake nikachoma tena, akasema. Halafu hii Pua yako ikauzoea udi, ikanyamaza. Nikachoma magunzi ya mahindi. Akasema, ikazoea. Nikaunguza mafuta. Ikazoea. Nifanyeje, mwanangu? Kila nikimtafuta anakwenda mbali kidogo."

Mwanne alielewa, na akatamani asielewe. Akili mnemba ya kipimahewa ilifundishwa kujua ada za kila nyumba, isije ikapiga kelele kila mtu anapokaanga dagaa. Kwa ubunifu huo alipigiwa makofi ukumbini, baba yake akiwa mstari wa mbele. Ndio uliomlazimisha mama kuitia hewa yake sumu zaidi kila juma, ili asikie sentensi ileile moja.

Alitazama ndani ya chetezo. Juu ya makaa ilikuwa inayeyuka kandambili ya buluu, kisigino kimelika upande mmoja. Aliijua. Nguo zote za baba ziligawiwa baada ya msiba, lakini ndara zile mama alizificha. Sasa moja ilikuwa motoni na mwenzake ikingoja zamu karibu na ukuta. Mama alikuwa anamchoma baba ili amsikie baba.

"Mama Mwanne, fungua dirisha. Unaumia, na husikii."

"Mama," Mwanne alisema, machozi ya moshi na machozi mengine yakimtoka pamoja, "umewahi kulifungua akiwa anasema?"

"Nilifungue iwe nini? Miaka yote tumegombana kwa dirisha hili. Mimi nafunga, yeye anafungua. Nilikuwa namwambia dirisha hili ni mke mwenzangu. Leo ndio nampa sikio, unataka nimkatize?"

"Kuna neno la pili."

Bi Hidaya alimtazama.

"Kila Pua ina maneno mawili, mama. La pili linasemwa dirisha likishafunguliwa. Baba alilirekodi. Mimi sijalisikia, hakuna aliyelisikia. Limekaa humo tangu hospitalini linakungoja."

Mikono ya mama ilishuka polepole. "Na baada ya hilo?"

Mwanne angeweza kudanganya. "Hakuna la tatu," alisema.

Mama alisimama hivyohivyo, akikohoa, na ukuta ukamwita kwa mara nyingine. Kisha alijifuta viganja kwenye khanga, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni, akaligeukia dirisha na kushika komeo. Lilikuwa limekwama kwa kutotumika. Walisukuma wote wawili, bega kwa bega, likaachia kwa kishindo.

Upepo wa miombo uliingia, wenye harufu ya maua ya msimu wa nyuki. Moshi ulianza kujikokota kuelekea nje. Sauti ilinyamaza. Mama alimshika Mwanne mkono, akamkaza mpaka kucha zikaingia.

Ukuta ulisafisha koo.

"Ahsante, Hidaya. Usilifunge tena."

Mwanne hakuwahi, tangu azaliwe, kumsikia baba yake akimwita mama kwa jina lake. Mbele ya watoto alikuwa Mama Mwanne, mbele ya wageni Mama Mwanne, hata siku walipogombana. Na yeye, aliyesimama ukumbini mwa hospitali siku ile akitumaini kwamba katika maneno ya mwisho huenda likawamo lake, hakuachiwa kitu isipokuwa jina lililoazimwa kumwitia mwingine. Lilimuuma. Lakini hakumwonea mama yake kijicho.

Bi Hidaya aliketi chini ya dirisha akalia kwa sauti. Msibani hakulia hivyo, kwa maana wanawake walimzunguka wakimwambia subira, Bi Hidaya, subira, naye akajifunga subira mpaka ikamkaba. Sasa hapakuwa na wa kumhimiza.

"Kaniambia nisilifunge," alisema alipopata pumzi. "Basi ndio kwisha. Nikimtii, simsikii tena."

Mwanne alizima makaa kwa maji, akampa dawa yake ya kuvuta, akaketi sakafuni kando yake. Alikuwa mhandisi, na mhandisi akiona kitu kimevunjika mikono humwasha.

"Naweza kuitoa sauti hiyo humo, nikuwekee kwenye simu. Uisikilize utakapo."

"Nibonyeze, iseme? Huyo atakuwa kasuku. Baba yako alikuwa anasema kwa sababu anaona naumia."

"Basi akili mnemba ijifunze sauti yake. Inaweza, mama. Itakusalimia asubuhi. Itakuuliza umekula nini."

Mama alimgeukia, macho mekundu. "Usimtie marehemu maneno mdomoni, Mwanne. Songoro hajawahi kuniuliza nimekula nini. Alikuwa anauliza chakula kiko wapi."

Walicheka, mama na mwana, mpaka kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kikawa kilio tena. Upepo ulizidi nguvu, dirisha likajibamiza, likafunguka, likajibamiza tena. Bawaba zilikuwa za zamani na hapakuwa na ndoano ya kulizuia.

Bi Hidaya aliinuka kwa kujishika ukutani. Aliichukua ile kandambili iliyosalia, akaifuta masizi kwa pindo la khanga, akaitazama kwa muda. Kisha akaichomeka chini ya ubao wa dirisha, akaisindilia kwa kiganja, akajaribu kulisukuma. Halikutikisika.

"Hapo," alisema.

Tangu siku hiyo nuru ya Ng'ambo haijawahi kugeuka nyekundu. Kasanda alimpongeza mwenzake kwa kumdhibiti mama yake, na Mwanne alishukuru, maana angeanza wapi kumweleza? Daktari anasema kifua cha Bi Hidaya kinaendelea vizuri. Na kila asubuhi Mwanne husimama mbele ya ukuta, huitafuta nuru ile ya kijani kati ya maelfu, na moyo wake huvunjika upya, kwa sababu anajua kijani kile ni nini. Ni mama yake ameketi karibu na kisahani kisicho na la kusema.

Kisha humpigia simu.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, mwanangu."

"Na mzee?"

Upepo husikika kwanza, ukipita sebuleni.

"Kimya," hujibu mama. "Dirisha liko wazi."