Nani Anajua Mshahara wa Baba?

Ukumbi ulifurika wanahisa mpaka wengine wakakalia vizingiti vya madirisha, kila mmoja jicho moja kwa mwenyekiti, jingine kwa visanduku vya chakula vilivyopangwa nyuma. Binti wa mapokezi alipita katikati ya viti na kipaza sauti mkononi, sketi ya bluu ya kampuni ikimbana magoti, akimfuata kila mwenye swali. Ndipo mkono ulipoinuka safu ya mwisho, una alama ya grisi mpaka kwenye kiwiko.

Alikuwa kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Akajitambulisha: fundi wa lifti, mwenye hisa kumi alizoachiwa na bibi yake. Watu wakacheka. Hakujali. Akasema leo wanapigia kura mshahara wa mkurugenzi mtendaji, kadi ya kijani ndiyo, nyekundu hapana, naye amefurahi mno. Ila wakuu wa mashirika ya serikali wanalipwa kwa kodi yake, kwa hiyo huko nako ana hisa. Kadi za huko zinagawiwa wapi?

Mwenyekiti akasema hilo haliko kwenye ajenda. Binti akanyoosha mkono achukue kipaza sauti, kijana hakukiachia.

"Wewe unajua zinakogawiwa?" akamnong'oneza.

"Zikigawiwa, nitakuletea."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Ukumbi mzima ukasikia, na mwenyekiti naye akacheka.

Tangu siku hiyo binti akawa Kipaza, kijana akawa Hisa Kumi. Simu zilipigwa kila saa ya chakula cha mchana.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Juu ya lifti, ghorofa ya tisa. Nawapandisha wakubwa, mshahara wangu uko palepale chini."

Hisa Kumi alikuwa mtu wa maswali. Kwa nini watu wakiingia kwenye lifti hutazama namba kama wanasoma dua? Kwa nini mkubwa hubonyeza kitufe mara tatu? Mchana mmoja akauliza mzee wake Kipaza analipwa kiasi gani. Kipaza akacheka, akamwambia mzee ni mkubwa fulani serikalini, na mshahara wake hata mama haujui, mwaka wa ishirini na nane wa ndoa. Hakusema kwamba ndiye mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya maji. Alitaka apendwe kwanza yeye, cheo cha baba kije baadaye.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja baba alikuwa mezani, tai imenyooka, akisoma gazeti kwa sauti ya dharau. Kulikuwa na barua ya fundi wa lifti fulani, akitaka mishahara ya wakuu wa umma itangazwe na kupigiwa kura kama ya kampuni, "kwani yupo mkubwa ambaye hata mkewe hajui anacholipwa, mwaka wa ishirini na nane huu."

Hapo akashusha gazeti. Mama aliyekuwa akimimina chai alikosa kikombe, akajaza kisahani.

Kipaza alikimbilia chumbani na simu.

"Nilikuambia kama mpenzi wangu, ukanisikiliza kama mwandishi wa habari."

"Sikutaja jina, Kipaza. Serikali ina wakubwa wangapi?"

"Wengi. Mwenye binti mjinga ni mmoja tu."

Akakata. Siku tisa hakupokea simu yake. Hata kazini alipanda ngazi, maana lifti ilinuka grisi, na grisi ilimliza.

Siku ya kumi Hisa Kumi alibisha hodi nyumbani kwa kina Kipaza, amevaa koti la kuazima lililomfunika mpaka vidole. Alimwomba radhi baba, kisha mama, kisha Kipaza aliyesimama mlangoni amekunja mikono. Alikiri siri ya nyumba ile haikuwa yake kuitoa nje. Swali lenyewe, akasema, halifuti. Na amekuja kuposa.

Baba akavua miwani. "Unalipwa kiasi gani?"

Fundi akatoa karatasi ya mshahara mfukoni, akaisoma yote, makato mpaka malipo ya saa za ziada. Kipaza aliona hakuruka hata mstari, mikono yake mwenyewe ikajikunjua.

"Na wewe, mzee?"

Baba akakohoa. Mama, ambaye kukiwa na mgeni hakai, akaweka sinia chini, akakaa.

"Mjibu, baba watoto. Na mimi nangoja."

Baba akataja, kwa sauti ya kuomba samahani.

"Kwa mwezi?" mama akauliza.

"Kwa mwezi."

Haukufika hata robo ya ule waliopigia kura ukumbini. Nyumba ni ya serikali, baba akaeleza, gari la serikali, mafuta ya serikali. Kilicho chake ni hicho, na alikificha kwa sababu ni kidogo.

"Miaka yote hii," mama akasema, "mimi nikidhani una nyumba ndogo."

Baba alipaliwa, fundi akampigapiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema wakimlipa kama yule wa kampuni, na wampigie kura kama yule. Ila watangaze na nyumba, na gari, na mafuta, fundi akadakia. Hapo je, mshahara ungekuwa mdogo kweli? Baba akarudisha miwani machoni. "Sijui, kijana. Sijawahi kuujumlisha."

"Na posa yangu, mzee?"

"Mimi mwenyekiti tu. Mwenye kura ni yule."

Kipaza akaingia chumbani, akarudi na kadi zilizobaki za ule mkutano. Akainua nyekundu. Fundi akafifia ndani ya koti.

"Hii ni ya ile barua," Kipaza akasema. "Hilo jingine hujaniuliza mimi. Niulize, na usinong'one."

Akamuuliza, sauti ikafika mpaka barabarani. Kadi ya kijani ikapanda juu.

Baba alipiga makofi peke yake, maana mama alikuwa bado amemgeukia.

"Na posho za safari?"