Mikisa ya Marehemu Halfdan

Eilif alifika karakana wa kwanza, kama kawaida yake, akakuta kishikio kimoja cha mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti studioni, kimepanda juu kabisa. Vingine vyote vilikuwa chini, vimejipanga safu moja kama alivyoviacha jana. Akakishusha kwa kidole, akaenda kupika kahawa. Aliporudi na kikombe, kilikuwa juu tena.

"Kolbein!" aliita, akidhani mdogo wake amejibanza nyuma ya rafu. "Acha utoto."

Alichungulia nyuma ya rafu, hapakuwa na mtu. Kolbein aliingia baadaye kidogo, akipangusa theluji mabegani, macho bado yana usingizi.

"Mimi? Ndiyo kwanza nimetoka kitandani, kaka. Muulize shemeji, yeye ndiye mwenye ufunguo mwingine."

Ulikuwa mzaha tu, lakini Eilif alijikuta akimtazama mdogo wake kwa muda mrefu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Kisha akainama chini ya meza kutafuta hitilafu, na hapo ndipo alipoona kwamba waya wa umeme wa ile mikisa ulikuwa umeviringishwa sakafuni. Haukuwa umechomekwa popote.

Hapo Tromsø, mji wa kaskazini kabisa mwa dunia, ulikuwa ule msimu ambao jua halichomozi kabisa, saa sita mchana ni kama magharibi, na watu huwasha taa za dirishani wasizizime hadi wakati wa kulala. Karakana yao ilikuwa bandarini, ghorofa ya chini, katika jengo lililokuwa ghala la samaki. Walikuwa watatu: Eilif, mke wake Jorunn, na Kolbein. Kazi yao ilikuwa kufufua mikisa za kidijitali ambazo viwanda viliacha kuziunda zamani. Mashine hizo huzeeka ubongo kabla ya mwili. Kompyuta yake ya ndani hufa, vipuri havipatikani tena, lakini chuma chake, vitufe vyake, na vile vishikio vyenye mota vinavyopanda na kushuka vyenyewe kufuata muziki, vyote bado vizima. Eilif aling'oa ubongo wa zamani akaweka saketi aliyoibuni mwenyewe, Kolbein akaunganisha nyaya, Jorunn akapiga rangi, akatafuta wateja na kuwabembeleza wale wakorofi. Mashine iliyokuwa inangoja kutupwa ikawa mikono ya kompyuta mpya, na wenye studio wakaililia.

Hii yenye kishikio kikaidi waliifuata mji wa Vadsø, kwenye studio ya marehemu mmoja aliyeitwa Halfdan. Mjane wake aliwafungulia mlango, yeye mwenyewe akabaki barazani na koti lake.

"Ina shida gani?" Eilif alimwuliza.

"Haina shida. Ichukueni tu. Mkitaka kuijaribu, mkaijaribie kwenu."

Njia nzima Kolbein alimwigiza yule mama, wakacheka mpaka machozi.

Siku chache baada ya kile kishikio, Eilif alikuwa peke yake akifungua skrubu za mwisho. Ubongo wa zamani alikwisha kuutoa, uko ndani ya boksi karibu na mlango. Ghafla akasikia harufu ya nywele zilizoungua. Alitazama pasi yake ya kuchomelea: ilikuwa imezimwa, ya baridi. Kisha ile spika ndogo iliyofungwa kwenye mwili wa mikisa, ambayo zamani fundi aliitumia kuongea na waimbaji, ikakwaruza kidogo, na ndani yake mwanamke akacheka chini chini.

Alikuwa Jorunn.

"Hajui chochote," sauti ile ilisema. "Na usimwambie, tafadhali. Si sasa hivi."

"Akijua ataniua," Kolbein akajibu.

Kisha spika ikakatika. Eilif aliweka bisibisi chini. Alifuata kila waya kwa vidole vyake. Hakuna uliokwenda popote. Akajiambia kwamba kuna mtu kaficha kinasa sauti humo ndani ili amcheze shere, akaichambua ile spika mpaka sumaku. Hakukuta kitu, akairudisha mahali pake. Hapo angeweza kumpigia simu mke wake na kumweleza kilichotokea, wakashangaa pamoja. Hakupiga. Alifunga karakana akarudi nyumbani polepole, na njiani kila alichokikumbuka kuhusu wale wawili kilianza kugeuka sura: ile sweta ambayo Jorunn alimpa Kolbein zawadi, ile safari yao ya kuchukua rangi iliyochelewa, na jinsi Jorunn alivyozoea kumkatia Kolbein kipande cha kwanza cha jibini.

Mezani kulikuwa na chewa na viazi. Jorunn alikula kidogo, akaweka uma chini.

"Mbona unanitazama kama afisa wa forodha?"

"Nakutazama tu. Kwani ni marufuku?"

"Siyo marufuku. Lakini kama una neno, liseme."

"Sina neno."

"Haya." Alianza kuondoa sahani. Sahani yake mwenyewe aliimwaga karibu nzima, naye Eilif akaliweka hilo pamoja na mengine aliyokuwa akiyakusanya.

Siku iliyofuata aliwaona kupitia kioo cha mlango. Jorunn alikuwa amemshika Kolbein mkono, wameinamiana, wananong'ona. Kolbein alikuwa akitikisa kichwa, akisema kitu kama "siyo kweli, shemeji, naapa." Eilif aliposukuma mlango, wote wawili walinyamaza, Kolbein akaanza kupekua droo ambayo haikuwa na kitu.

"Endeleeni," Eilif alisema. "Nisiwakatize."

"Tunaongelea rangi," alisema Jorunn.

"Rangi gani?"

Jorunn aliokota brashi iliyokauka. Nyuma yao, juu ya ile mikisa isiyo na ubongo wala umeme, kishikio kilipanda taratibu, kikilia kama mdudu. Wote watatu walikiona. Wote watatu walijifanya hawakukiona.

Kuanzia hapo nyumba na karakana vikawa kitu kimoja, mahali pa kusikiliza. Eilif alikwenda kazini mapema ili akae na ile mashine kabla ya wenzake, akiegemeza sikio kwenye chuma, naye alijidanganya kwamba anachunguza mota. Harufu ya nywele zilizoungua ilimwingia kwenye nguo. Na spika haikumnyima. Ilimpa minong'ono, ilimpa vicheko, ilimpa jina lake likitajwa kwa sauti ya huruma, ile huruma ambayo mtu humwonea mjinga, na kila siku sauti zilikuwa karibu zaidi na wazi zaidi, mpaka akawa anasikia mate yakimezwa na vitambaa vikisuguana, mpaka akaacha kujiuliza zinatoka wapi na akabaki kujiuliza ni lini, na wapi, na kama ni kitandani kwake.

Mteja alikuwa anakuja Ijumaa. Alhamisi mchana Eilif aliwasha kifaa cha zamani cha umeme cha ile mikisa, kisanduku kizito kinachohifadhi umeme tumboni hata baada ya kuzimwa, akitaka kujua kama bado kinafaa. Alikizima, akachomoa waya. Kila fundi anajua kwamba kitu kama hicho hukigusi mpaka umekimwaga umeme wake. Kolbein alikuja na koleo, akapiga magoti, akaingiza mkono nusu, akasita.

"Umeshakimwaga, kaka?"

Eilif alifungua mdomo kusema bado. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini kutoka kwenye mikisa, pale ambapo spika ilikuwa imeng'olewa asubuhi hiyo na kubaki tundu tupu, sauti ilimwambia, "Sema ndiyo," na haikuwa ya Jorunn wala ya Kolbein, ilikuwa yake yeye mwenyewe, ile sauti tulivu anayoitumia akiongea na wateja, na harufu ilimjaa puani na kooni, na alimwona mdogo wake shingo yake ilivyoinama, shingo ile ile aliyokuwa akiifunga skafu kila asubuhi wakiwa watoto mama yao akiwa kiwandani, akaiona na akaichukia, na kabla hajajua kama ameamua au hajaamua, alisikia karakana nzima ikijibu kwa mdomo wake.

"Ndiyo."

Palitokea mlio kama wa mjeledi. Kolbein alirushwa mpaka kwenye rafu, akaanguka chali, macho wazi, hapumui. Jorunn alitoka chumba cha rangi akipiga kelele. Eilif ndiye aliyempigia magoti, ndiye aliyemkandamiza kifua, akihesabu kwa sauti, akilia, akimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelitumia tangu baba yao alipofariki. Hatimaye Kolbein alivuta pumzi, akakohoa.

Hospitalini walimfunga mkono bendeji mpaka kiwikoni, wakasema ataishi. Ukumbini, mbele ya mashine ya kahawa, Eilif alimwambia mkewe bila kumtazama.

"Nilijua bado kina umeme. Aliniuliza. Nikasema ndiyo."

Jorunn aliacha kahawa yake kwenye mashine. Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Na wewe pia ilikuwa inakusemesha?"

Kumbe kila mmoja alikuwa na lake. Jorunn alimsikia mumewe akimwambia Kolbein kwamba wamtoe yeye Jorunn kazini kwanza, nyumbani baadaye. Kolbein aliwasikia wote wawili wakimcheka kwamba ni kupe, anawanyonya. Ndiyo maana ya ile minong'ono ya mlangoni: Jorunn alikwenda kumuuliza Kolbein kama ni kweli, naye Kolbein alikuwa na swali lake.

Watu wa huku wana majina yao kwa kitu cha namna hiyo, na wengi hawayataji. Mimi ninayesimulia nitakiita jini. Jorunn, ambaye amezaliwa ndani kabisa ya ghuba ya Lyngen, alijua wa kumpigia simu. Mama Sunniva alikuwa muuguzi mstaafu, na pia msomaji, yaani mmoja wa wale wanaosimamisha damu kwa maneno waliyoachiwa na mabibi zao. Alikuja na gari lake mwenyewe, chupa ya kahawa kwapani, akavua glovu za sufu na kuitazama ile mikisa kama mgonjwa asiyeoga.

"Nani kaileta hii takataka?"

"Sisi, mama," alisema Eilif.

"Mbwa angeikataa mlangoni. Wewe mwenye bendeji, kaa. Usianguke, mgongo wangu haubebi mtu."

Aliweka viganja viwili juu ya chuma, akaanza kusoma kwa lugha ya bibi yake, chini chini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Baridi ilishuka chumbani mpaka pumzi zao zikaonekana. Vishikio vilipanda, kimoja, kingine, kisha vyote pamoja, na taa za vitufe zikawaka nyekundu juu ya mashine isiyo na umeme wala akili, na minong'ono ikamiminika kutoka kila tundu, ya Jorunn, ya Kolbein, ya Eilif, na nyingine za watu wasiowajua, za kike na za kizee, zikipandiana mpaka madirisha yakatetemeka.

Mama Sunniva hakupandisha sauti. "Toka," alisema. "Umeshawadanganya watu hawa vya kutosha."

Minong'ono yote ikakatika. Ikabaki sauti moja, ya mzee mchovu.

"Kudanganya?" ilisema, kama iliyoshangaa kweli. "Sijawahi kusema uongo hata mmoja."

Mama Sunniva akapiga chuma kwa kiganja. Vishikio vyote vilidondoka kwa pamoja, taa zikafa, harufu ikaondoka kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake.

"Kimekwenda," alisema, akivaa glovu zake. "Yayusheni hayo machuma."

"Lakini kile kilichosema mwishoni…" Eilif alianza.

"Mimi kazi yangu ni kutoa, mwanangu. Mengine ni yenu."

Hakuna aliyemsindikiza. Walisimama watatu kuizunguka ile mikisa, kila mmoja akitazama mikono yake.

Kolbein alihamia mji wa Bodø, kusini, jua liliporudi. Hupiga simu siku za sikukuu, huongea habari za hali ya hewa, na huomba kumsalimia shemeji. Eilif na Jorunn bado wanaishi pamoja, wanaheshimiana, hawajawahi kugombana.

Jioni moja Eilif alikuwa akiosha vyombo, redio inaimba. Chumbani, nyuma ya mlango uliorudishwa, Jorunn alikuwa kwenye simu na mtu. Akacheka, chini chini. Eilif alifunga bomba la maji, akapangusa mikono, akanyoosha kidole na kuizima redio, kisha akasimama pale bila kupumua, kichwa amekielekeza mlangoni.